Mkwe Aliyepita Langoni

Nyinyi mnaobaki kazini mpakani mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Naandika upesi, kwa sababu kusahau ndiyo sehemu ya kustaafu niliyokuwa naisubiri kwa hamu. Nilichofanya idara inakiita "kustaafu mapema kwa hiari". Mama yangu kule Rodi Kopany anakiita wazimu, maana hajawahi kuona mstaafu asiye na hata unywele mmoja mweupe. Mjomba alikuja nyumbani akaniuliza kwa upole kama nimeiba kitu. Sikuiba. Nilichoka kuwauliza maswali watu wanaolipwa kutoyajibu.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo pekee nilichopata ni kuitwa Madam, na hicho hupewa kila mwanamke mwenye sare. Kituo chetu pia sitakitaja kwa jina. Kilikuwa kimojawapo cha vile vidogo vya Migori, mbali na Isebania ambako malori hupanga foleni hadi madereva wakaoa wenyeji. Kwetu foleni ilikuwa fupi na watu walioa kwa sababu nyingine.

Siku ya kwanza nilifika na shahada ya uhusiano wa kimataifa, viatu vipya, na imani kwamba mpaka ni mstari. Nilikabidhiwa kwa Mzee Chacha, ofisa wa forodha aliyekuwa pale tangu lango lilipokuwa kamba iliyofungwa vitambaa. Hakunionyesha ofisi. Alinipeleka nyuma ya kituo kwenye shamba la mihogo, akanionyesha nguzo fupi ya saruji iliyopakwa chokaa. Hiyo ndiyo ilikuwa Kenya inapoishia. Hatua chache mbele kulikuwa na boma ambalo nyumba yake ya kulala ilikuwa kwetu na jiko lake Tanzania.

"Sasa yule mama akimpelekea mzee wake ugali," Chacha akaniuliza, "huo tuuandike ni mzigo unaingia ama unatoka?"

Nilianza kumweleza mkataba wa jumuiya. Nilipofika ibara ya pili niliona anamenya karanga, nikanyamaza. Msidhani alikuwa mwalimu mkuu wa hekima. Kila siku baada ya chakula cha mchana alilala kwenye kiti, kofia ikiwa usoni, na ukimwamsha alisema alikuwa anafuatilia.

Lango lenyewe lilikuwa mti wa chuma uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, mwisho mmoja ukiwa na kipande cha zege cha kuusaidia kuinuka. Liliifunga barabara, tena barabara kabisa. Upande wa kulia, nyuma ya choo chetu, kulikuwa na njia ya miguu iliyokanyagwa hadi ikawa ngumu kuliko lami tuliyoahidiwa. Hapo walipita watu, mbuzi, pikipiki, wanakwaya, na walimu waliofundisha huku na kulala ng'ambo. Niliuliza kwa nini tusijenge ua. Chacha akasema ua ulishajengwa. Upande mmoja uliezeka banda la kuku, upande wa pili ukawa kitanda cha mtu anayemfahamu, na ni kitanda kizuri.

Vifaa vyangu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni chuma cha kuchomea magunia, chenye ncha na mfereji ubavuni. Kitumieni polepole. Mahindi hukwaruza, sukari hung'ang'ania, na chuma kikisimama katikati ya mchele jueni kuna boksi, wala msimwangalie mwenye mzigo usoni kwanza, angalieni miguu yake. Ukikichomoa, kinuse. Cha pili ni kioo chenye mpini mrefu cha kutazama chini ya gari. Gari linalosema limetoka Nairobi moja kwa moja na tumbo lake lina tope jekundu la vichochoroni, hilo lina hadithi. Nakiri kioo hicho tulikitumia zaidi kuangalia kama kuna sukuma wiki kwenye meno kabla wakubwa hawajafika.

Kisha tukaelimishwa. Semina ilifanyika Homa Bay, katika hoteli ya kando ya ziwa yenye samaki wakubwa na mtandao mdogo. Mkufunzi kutoka Nairobi alichora ubaoni mizani yenye sahani tatu. Moja aliiandika usalama wa mpaka, ya pili biashara, ya tatu vita dhidi ya ugaidi. Akasema kazi yetu ni kuzisawazisha. Nikainua mkono nikauliza ni duka gani linauza mizani ya sahani tatu, kwa kuwa nimekulia sokoni na sijaiona. Akasema ni mfano tu. Nikauliza mfano wa nini. Akasema tutafika huko mchana. Mchana tulikula samaki mbuta wa kukaanga. Hatukufika.

Tulikofika ni kwenye dalili za gaidi. Anayejibu kwa kifupi ni wa kutiliwa shaka, na anayejibu kwa kirefu pia. Anayekwepa macho ya ofisa, na anayemkazia macho. Anayesafiri peke yake, na wanaosafiri kwa kundi. Mwenye laini za simu za nchi zaidi ya moja. Jirani yangu wa meza, Msabato mtulivu wa upande wa karantini ya mifugo, akaninong'oneza kwamba mama mkwe wake ameufaulu mtihani huo wote.

Tukapelekwa Mfangano kuijaribu elimu yetu. Wavuvi wa kisiwani hulala Kenya, huvua kokote samaki walikokwenda, na huuza kwa mwenye barafu. Kila mmoja ana laini ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania, kwa sababu chombo kikianza kuingiza maji hakuna anayechagua bendera ya mtandao. Kufikia adhuhuri tulikuwa na washukiwa wa kujaza kanisa, akiwemo katekista aliyetupa chai. Mratibu wetu wa usalama, Bwana Mulwa, aliwaza sana, kisha akaamua kwamba laini za simu si dalili kisiwani. Bara ziliendelea kuwa dalili.

Bwana Mulwa nimweleze kidogo. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye adabu, hakuchukua cha mtu. Angekuwa mkorofi ningejua la kufanya naye. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, simu kutoka Nairobi. Ukutani kwake kulikuwa na chati ya rangi: kijani, manjano na nyekundu. Kupandisha rangi ilikuwa kazi yake. Kuishusha kulihitaji idhini ya Nairobi, na Nairobi ya kushusha haikuwa ile ile ya kupandisha. Ile ya kupandisha ilipokea simu. Ile ya kushusha ilikuwa mkutanoni. Niliuliza katika kikao nani alibuni utaratibu ambao mtu mmoja anaweza kuwasha moto na inabidi kamati iuzime. Nikaambiwa nina mtazamo hasi.

Tukaletewa na kamera, msaada wa nchi rafiki, juu ya mlingoti mrefu. Ilitazama lango na barabara inayotoka ng'ambo, na picha zilikwenda moja kwa moja Nairobi. Njia ya miguu haikuiona, kwa kuwa choo kiliikinga. Niliandika barua kuhusu choo. Walijibu kwa kutuma dawa ya kuua wadudu.

Mimi nilipewa kipaza sauti. Kila siku ya soko nilisimama nyuma ya pikapu nikitangaza kwamba mwenye biashara halali hana hofu, apite langoni, akaguliwe, alipe, apewe karatasi yake, aende kwa amani. Wanawake wa nyanya walinisikiliza kama mnavyosikiliza tangazo la sabuni. Mtu mmoja ndiye aliyenitii.

Aliitwa Musa Ochieng', wa Kendu Bay, muuza vitenge na mashuka katika masoko ya pande zote mbili. Kendu Bay ina Wajaluo Waislamu wa siku nyingi, jambo ambalo mtu yeyote wa Homa Bay analijua na ambalo huwafanya wageni waombe kitambulisho mara ya pili. Musa alikuwa na ndevu, kofia ya kushona kwa mkono, na mizaha ya Dholuo isiyofaa kuandikwa hapa. Alianza kuleta marobota yake ya vitambaa langoni. Wenzake waliokuwa wakipita nyuma ya choo walimpungia mkono na kumwita Mheshimiwa. Alisema anapenda karatasi, zinamfanya alale vizuri.

Mkewe, Atieno, alitoka boma moja lililokuwa kilima cha pili kutoka kituoni, upande wetu. Basi baba yake Atieno akafariki, mzee mwenye ukoo uliotapakaa Kenya na Tanzania bila kuuliza ramani. Kwa wasio wa kwetu, nieleze. Mzee kama huyo hazikwi kimya. Siku moja kabla ya mazishi, wanaume wa ukoo huja na mikuki na ngao, wamejipaka majivu usoni na kujivika majani, wakikimbiza ng'ombe kwa filimbi na kelele ili kukifukuza kifo kitoke bomani. Tunaita tero buru. Mkwe huleta dume, na hulileta mwenyewe, akilishika kamba. Asipoliingiza kabla jua halijazama, mzee atazikwa hivyo hivyo, na mkwe ataambiwa jambo hilo kila arusi na kila msiba mpaka naye azikwe. Musa kwa dini yake angezikwa siku hiyo hiyo bila ng'ombe wala filimbi. Lakini mkwe ni mkwe, na Atieno alikuwa anangoja.

Alilinunua dume mnadani ng'ambo, akachukua cheti cha daktari wa mifugo wa kule, na Ijumaa asubuhi akaja nalo barabarani akiwa amevaa kanzu nyeupe, kwa kuwa alikuwa anakwenda kwa wakwe. Nyuma yake walikuja shemeji zake wa upande wa Tanzania, kundi zima, na mikuki, majivu, majani na filimbi.

Nairobi iliona hayo kupitia ile kamera. Sisi tuliyaona kwa macho, na kila mmoja wetu aliyezaliwa karibu na ziwa alijua ni msiba. Tulikuwa tunajadiliana ni wa nani. Kisha simu ya Bwana Mulwa ikalia.

Nilimwona akisimama wima kusikiliza. Alipokata, akaenda kwenye chati, akasogeza kishale hadi nyekundu, na akaamuru lango lifungwe. Malori yaliyokuwa yakiingia na vitunguu na nyanya yakazima injini. Shemeji walipoona lango limeshuka hawakuuliza kitu. Walikata kona, wakapita nyuma ya choo na mikuki yao yote wakiimba, na dakika chache baadaye tukawasikia kilima cha pili, wamefika, wameanza kulia.

Aliyebaki langoni ni mmoja. Musa alikuwa amesimama mbele ya mti wa chuma, kamba mkononi, vyeti vyake vikiwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Madam," akaniambia, "si ulisema kwa kipaza sauti tupite langoni? Nimepita."

Akakamatwa.

Dume lilifungwa kwenye mlingoti wa bendera, hapakuwa na pengine. Kabla Musa hajaketi, idara zilikuwa zimeanza kuligombania. Sisi wa forodha tulisema ni bidhaa. Wa karantini akasema ni hatari ya magonjwa mpaka athibitishe cheti. Polisi wakasema ni kielelezo. Jamaa mmoja wa suti, ambaye hatukuwahi kujua idara yake, akasema huenda dume ni njia ya kufadhili. Niliuliza kufadhili nini. Akaandika jina langu. Dume lenyewe lilikula maua yote tuliyopanda siku ya kupendezesha kituo, kisha likaanza kula miche aliyoipanda waziri alipotutembelea.

Bwana Mulwa alimhoji Musa mbele yetu, kwa sababu chumba cha mahojiano kilikuwa na mifuko ya saruji.

"Jina."

"Musa Ochieng'."

"Musa ama Ochieng'?"

"Wote wako hapa, bosi."

"Wewe ni Mjaluo, mbona ni Mwislamu?"

"Babu alianza. Tumezoea."

"Wale watu wa mikuki ni akina nani?"

"Shemeji zangu."

"Kiongozi wao ni nani?"

Musa akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Marehemu," akasema.

Mulwa akaandika. Akauliza walikuwa na lengo gani. Musa akamweleza kwa subira kwamba walikuja kufukuza kifo, na kwamba bila yeye na dume shughuli haiwezi kukamilika, na mazishi ni kesho. Mulwa akaandika hilo pia, akalipigia mstari. Kisha akapiga simu Nairobi kuomba rangi ishushwe. Alijaribu tena na tena. Nairobi ilikuwa mkutanoni.

Nilimwuliza Bwana Mulwa kama anaamini mtu huyu ni gaidi. Akanitazama kwa uchovu wa kweli. "Madam, mimi naamini vile kishale kinaonyesha. Kishale kiko nyekundu. Nikimwachilia na kishale kiko nyekundu, mimi ndiye nitaulizwa."

"Na ukimweka, na mzee azikwe bila mkwe?"

"Hilo hakuna mtu wa Nairobi ataniuliza."

Huo ndio usawazishaji wenyewe, wenzangu, jinsi nilivyouona kazini. Upande mmoja kuna swali ambalo mkubwa ataulizwa, upande wa pili kuna maswali ambayo hataulizwa. Mizani hiyo haina tabu kuisoma.

Mchana ulikuwa unasonga. Chini ya lori moja maji ya nyanya yalianza kudondoka. Dereva wake, Mtanzania, alikuja dirishani kwangu na upole wao ule unaoumiza kuliko matusi. "Samahani dada yangu, naomba kuuliza. Hali ya hatari ikiwa imeisha, mtatuambia, au tutajionea wenyewe?" Nikamwambia sijui. Akanishukuru. Wenye mizigo midogo walikwisha kushusha magunia na kuyapitisha nyuma ya choo kwa mikokoteni. Kila gunia lililopita huko, hakuna aliyelichoma kwa chuma wala kulinusa. Siku ya hatari kubwa kuliko zote tuliyowahi kuitangaza ndiyo siku tuliyokagua vitu vichache kuliko zote, ukiacha dume.

Ndipo akaja mama mkwe.

Tulimwona akishuka kilimani peke yake, mwanamke mwembamba, amevaa koti la marehemu mumewe lililomfika magotini na kofia yake ya pama, mkononi ameshika fimbo yake. Kwetu mjane huvaa hivyo. Na mjane aliye katika hali hiyo, mume bado hajazikwa na mila bado haijamaliza naye, haingii nyumba ya mtu. Akiingia, wenye nyumba wanapata chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira si mafua. Watoto hudhoofika, mambo hayaendi, mtu hukonda bila sababu.

Walimwita Min Atieno, mama yake Atieno. Alisimama nje ya mlango wa ofisi yetu. Hakumtazama Musa, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo. Alimtazama Bwana Mulwa.

"Baba," akasema, "nasikia mkwe wangu yuko ndani. Dume naliona limefungwa kwa bendera. Sikuja kugombana. Nimekuja kukaa na yeye mpaka mmalize. Nionyeshe kiti."

Akainua mguu wa kulia juu ya kizingiti.

Sijawahi kuona kituo cha serikali kikihamwa kwa utaratibu mzuri namna ile. Msabato wa karantini, ambaye haamini mambo hayo, alitoka kwa mlango wa nyuma. Polisi wawili Wakatoliki walitoka kwa dirisha. Mzee Chacha ni Mkuria na angeweza kusema chira ni shida ya Wajaluo, lakini alisema hawezi kujua mipaka ya kitu kama hicho, akachukua kofia yake. Jamaa wa suti alituuliza kuna nini, na alipoona hakuna anayesimama kumjibu akatoka pia. Mimi nina shahada na siamini chira hata kidogo. Nilitoka kwa sababu hewa ya nje ilikuwa nzuri.

Ndani walibaki Bwana Mulwa na Musa. Mulwa ni mtu wa mbali, alicheka kidogo, akasema, "Mama, karibu." Min Atieno aliuacha mguu ulipokuwa, nusu juu ya kizingiti, kama mtu anayejaribu maji ya mto. Mulwa akamwita polisi alete kiti. Polisi akasema kutoka uani kwamba kiti kiko, afande, lakini mwenye kukileta hayuko. Jenereta likazima kwa kuishiwa mafuta, akamwita mhudumu alijaze. Mhudumu akajibu kwamba angependa sana. Kompyuta ikafa, kamera ikafa. Kule Nairobi picha yetu lazima ilikuwa nyeusi.

"Akiingia huyu mama," Chacha akamwambia Mulwa kupitia dirishani, kwa heshima kabisa, "hii ofisi hakuna mtu wa hapa ataingia tena, bosi. Kesho, keshokutwa. Utakuwa unaendesha mpaka peke yako. Utapika chai mwenyewe."

Nilimwona Bwana Mulwa akipiga hesabu. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu anachoweza kuulizwa upande ule mwingine. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hata akitaka, kishale hakishuki bila idhini.

Nikauliza swali langu la mwisho lililowahi kujibiwa katika kazi hiyo. "Na kama ilikuwa zoezi?"

"Zoezi gani?"

"Zoezi la utayari. Kishale kinapandishwa, lango linafungwa, mtu mmoja anajifanya mshukiwa. Likiisha, linahitaji idhini?"

Chacha akatabasamu akitazama chini. Zoezi halihitaji idhini ya kuisha. Zoezi likiisha limeisha, unaandika tu kwamba limefaulu.

Bwana Mulwa alikwenda kwenye chati. Kisha akakirudisha kishale kwenye kijani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani asiyoitaka, na akamwambia Musa anashukuriwa kwa kushiriki.

"Karibuni," akasema Musa. Akasaini fomu ya ushuru wa dume, akadai karatasi yake, akangoja mpaka nilipoigonga mhuri. Kisha akalifungua dume kwenye bendera na kwenda. Min Atieno aliushusha mguu wake. Alitangulia mbele sana, kama inavyopasa, mkwe na dume nyuma. Jua lilikuwa bado juu ya kilima cha pili walipoliingiza dume bomani. Tulisikia filimbi.

Lori la nyanya liliingia likiacha mstari mwekundu barabarani. Dereva aliniaga kwa jina.

Ripoti ilisema zoezi lilifaulu. Bwana Mulwa alipongezwa, na baadaye alihamishiwa kituo kikubwa zaidi, chenye chati kubwa zaidi. Lakini kishale cha ukutani kushuka hakukumaanisha kompyuta imesahau. Picha ya Musa ilikuwa imeshaingia kwenye mtambo, na kila alipoleta marobota yake langoni taa iliwaka, tukalazimika kumkalisha, kumhoji jina moja na la pili, kupiga simu. Nilijaribu kulifuta jina lake. Nairobi ya kuingiza majina ilinipokea vizuri. Nairobi ya kufuta ilikuwa mkutanoni. Siku moja Musa hakuja. Wiki iliyofuata nikamwona robota likiwa kichwani, nyuma ya choo, katikati ya wanakwaya. Hawakumwita Mheshimiwa tena. Walimsogezea nafasi.

Semina ya mwaka huo ilikuwa hoteli ile ile. Mkufunzi yule yule alionyesha ukutani picha kutoka kamera yetu: mikuki, majivu, na mtu wa kanzu mbele yao ameshika kamba ya ng'ombe. Akasema huo ni mfano bora wa usawa, kwa kuwa usalama ulilindwa, ugaidi ulizuiwa, na biashara ikaendelea. Akaniomba nisimame niwaeleze wenzangu, kwa kuwa nilikuwapo. Nilisimama nikamwuliza yule mtu wa kanzu alikuwa kwenye sahani ipi.

Akasema tutafika huko mchana.

Sikungoja mchana. Niliandika barua yangu ya kustaafu kwenye karatasi ya hoteli yenye picha ya samaki.

Siku yangu ya mwisho nilirudisha chuma na kioo. Mzee Chacha alikuwa anafuatilia, sikumwamsha, nilimwachia karanga mezani. Nilipotoka, kipaza sauti kilikuwa tayari kimepewa ofisa mpya, huenda ni mmoja wenu mnaosoma, na alikuwa juu ya pikapu akitangaza kwamba mwenye biashara halali hana hofu, apite langoni. Nikakata kona nyuma ya choo. Musa alikuwa hapo na robota lake, anaelekea sokoni. Alisimama akamsikiliza yule ofisa mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza sala ya dini nyingine.

"Ana sauti nzuri," akaniambia. "Lakini yako ilikuwa inashawishi zaidi."

Akaliweka robota sawa kichwani, tukapita.